Usimeze Mpaka Nikwambie

Ukoo wetu wote unaniita Dakta, na mimi sikuwahi kumkatalia mtu. Kazi yangu ilikuwa karani wa mafaili katika hospitali kubwa, miaka ishirini na sita, chumba namba nne, dirisha dogo lenye vyuma. Mgonjwa anafika, anataja jina, mimi naingia katikati ya rafu, natoka na faili lake. Hiyo ndiyo huduma pekee niliyowahi kumpa mgonjwa. Lakini ukishika mafaili ya watu kwa miaka yote hiyo unajifunza kusoma mwandiko wa madaktari, unajua dawa ipi ya presha na ipi ya sukari, unajua nani akiandikiwa nini anarudi na nani harudi. Nilipostaafu nilikuwa na maneno ya kitabibu mengi kuliko nguo kabatini, na ndugu zangu walikuwa na magonjwa. Tukafaana.

Mtu akiumwa mgongo, simu kwangu. Mtoto akitapika, simu kwangu. Nami nilijibu kwa sauti ile ya polepole niliyoichukua kwa madaktari wenyewe, sauti ya mtu ambaye ana wagonjwa wengine wanamsubiri. Sikuwa hovyo kabisa. Mara nyingi niliwaambia waende hospitali. Ila neno "sijui" lilikuwa zito mdomoni mwangu. Nilikuwa tayari kulizunguka mtaa mzima ili nisilitamke.

Aliyeniamini kuliko wote ni mdogo wangu wa kike. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, unamwita Fundi. Chumba chake cha mbele ndicho kiwanda: cherehani mbili, moja yake na moja ya binti yake, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na mabaki ya vitambaa mpaka chini ya viti. Nimemzidi miaka tisa. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, kwa hiyo ni mimi niliyemwogesha, nikamfunga viatu, nikamwambia lipi la kula na lipi la kutema. Sasa ana miaka hamsini na minne na bado hanunui hata sufuria bila kuniuliza. Watu wanasema ni mapenzi. Ni mapenzi, sikatai, lakini na mimi nilikuwa naona raha kuulizwa, raha ambayo mtu mzima hapaswi kuiona.

Wote wawili tuna presha. Tumeirithi kwa baba, pamoja na ubishi. Tunatumia dawa ile ile, kidonge kimoja cheupe kila asubuhi, na ni mimi niliyempeleka kliniki kwa mara ya kwanza miaka saba iliyopita, akiwa amenishika mkono kama tunakwenda kumwandikisha shule.

Mambo yalianza Jumatatu mchana, na aliyeyaanzisha ni Redio. Huyu ni binamu yetu, na jina hilo alipewa kwa haki, maana hakuna habari inayompita wala inayolala kwake. Alirusha kwenye kundi la familia ujumbe wa sauti wa mwanamume mmoja mwenye sauti nzito, anayevuta pumzi kabla ya kila sentensi kana kwamba anapanda ngazi. Mwanamume huyo alisema dawa za presha zimekutwa na sumu inayoleta saratani, kwamba nchi nyingine zimeshazichoma moto na sisi tunaendelea kulishwa, na kwamba kila anayesikia awatumie watu ishirini anaowapenda. Kundi letu lina watu thelathini na wawili. Redio anatupenda sote.

Kabla sauti ile haijaisha, watu walishaanza kuandika. Mjomba aliuliza kama ni vile vyeupe au vile vya njano. Shemeji alisema ndiyo maana alikuwa anasikia kizunguzungu. Kisha mmoja akaandika, "Dakta yuko wapi? Dakta atuambie." Wakafuata wengine sita kwa maneno hayo hayo.

Nilikuwa jikoni, nimebandika maziwa. Nikaanza kutafuta kwenye simu, na haraka nikagundua jambo baya zaidi ya uongo mtupu, yaani uongo wenye ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba baadhi ya vidonge vilikuwa vimekutwa na kemikali isiyotakiwa kuwemo. Ni kweli kwamba kiwanda kilichovitengeneza kilikuwa kinavirudisha kutoka madukani. Na jina la dawa lilikuwa la dawa yangu, herufi kwa herufi. Habari yenyewe ilisema ni matoleo fulani tu, yanayojulikana kwa namba. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini nikashuka chini kwenye maoni ya wasomaji. Kulikuwa na mwanamke ambaye shangazi yake alimeza dawa hiyo na sasa yuko kaburini, ingawa hakusema shangazi alikuwa na umri gani. Kulikuwa na maelezo ya panya wa maabara. Kulikuwa na bwana anayeuza unga wa kusafisha ini, na picha ya ini kabla na ini baada. Kila ukurasa ulinifungulia mwingine. Maziwa yalifurika yakazima jiko, nami nikaendelea kusoma katikati ya harufu ile. Nilipomaliza, nilikuwa nimejua mambo mengi na sielewi hata moja, na ini langu lilikuwa limeanza kuuma upande ambao ini halipo.

Niliogopa, na lazima niliseme hili. Miaka saba ya vidonge, kila asubuhi, kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni nikitafuta dalili.

Na kundini walikuwa bado wananisubiri. Basi nikakohoa kidogo, nikabonyeza kitufe, nikarekodi kwa ile sauti yangu ya polepole: "Ndugu zangu, msiwe na hofu. Kwa sasa simamisheni dawa kwanza, wakati nafuatilia kwa wahusika. Mwili una akiba yake." Nilitoa wapi habari ya akiba? Sina hakika hata leo. Lilikuja tu, likasikika vizuri, nikaliacha lipite. Zikaja shukrani moja baada ya nyingine, na wahusika niliosema nawafuatilia sikuwa nawajua hata mmoja.

Jioni, kabla hajafunga kiwanda, nikampigia Fundi. Yeye kundi alikuwa amelizima tangu zamani. Aliniambia mwenyewe kwamba lina kelele kuliko cherehani zake zote mbili.

"Dada, afadhali umepiga," alisema. "Kuna mteja amenihadithia mambo ya dawa, mpaka nimeshona mkono wa blauzi kinyume."

"Usisikilize wateja. Chukua pakiti yako unisomee namba. Iko pembeni, imegandamizwa tu, haina wino."

"Pakiti sina. Nimewekea chaki, nyingine nimetupa."

"Basi itakuwa kwenye karatasi ya vidonge yenyewe, ukingoni."

Nikamsikia anafungua kopo.

"Dada, si unajua mimi huwa nazikata."

Nilikuwa najua. Mdogo wangu hawezi kuona kitu chenye ncha akakiacha. Akitoka kliniki na dawa zake za mwezi, huketi kwenye meza ya kukatia, akachukua mkasi mdogo wa nyuzi, akatenganisha kidonge kimoja kimoja ndani ya karatasi yake ya fedha, halafu akapunguza pembe nne za kila kipande ziwe za mviringo, kama anavyopunguza kola ya shati. Anasema pembe zile zinamchana vidole, na vidole vyake ndivyo mtaji wake. Huvimimina kwenye kopo la vifungo, kopo lake maalumu, na kila asubuhi, kabla hajavaa futi ya kupimia shingoni, hutoa kimoja. Kazi safi sana. Namba zote zilikuwa zimekwenda na vipande vya ukingoni, zikafagiliwa pamoja na nyuzi.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza.

Kliniki iko dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kwake. Ningemwambia, mdogo wangu, mimi sijui, kesho asubuhi beba kopo lako uende. Hayo maneno ni machache na sote wawili tuna lugha moja. Lakini nilikuwa nimeshawaambia watu thelathini na wawili waache, na sauti yangu mwenyewe ilikuwa bado inanizunguka masikioni.

"Usimeze mpaka nikwambie," nikasema.

"Haya, dada."

Hakuuliza kwa nini wala mpaka lini. Akaanza kunisimulia habari za blauzi.

Jumanne sikumeza. Jumatano sikumeza, na asubuhi hiyo kichwa kikawa kizito kisogoni, nikaona hapana, nikabeba pakiti yangu kwenda duka la dawa la barabara kuu. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango mpaka mbele ya duka la viatu. Watu walikuwa wameshika dawa zao kila mtu kwa namna yake: kwenye bahasha, kwenye soksi, kwenye chupa ya asali. Dereva mmoja alikuwa amebeba dawa ya macho ya mkewe, eti nayo iangaliwe tu maadamu amefika. Kwenye kioo cha duka palikuwa pamebandikwa tangazo lenye safu mbili za namba ndogondogo za matoleo yanayorudishwa, na watu walikuwa wanabandika pakiti zao pale kwenye kioo wakilinganisha, wanasukumana, kioo kimejaa alama za vidole. Ndani, mfamasia, msichana mwembamba mwenye miwani, alikuwa anasema, "Mmoja mmoja, jamani, mmoja mmoja," na hakuna aliyemsikia.

Mzee aliyekuwa mbele yangu aligeuka akasema, "Mimi hizi namba sizioni, mama."

Sikuweza kuvumilia. Miaka ishirini na sita haitoki mwilini kirahisi. Nikasogea mbele nikasema pangeni mstari, kila mtu ashike pakiti mkononi, upande wenye namba juu. Wakapanga. Huwa wanapanga, ukiwaambia kwa sauti inayotakiwa. Nikawasomea watu kumi na tisa namba zao, na mfamasia akanitazama kupitia kioo kwa macho ya shukrani, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Kwa muda ule nilisahau kabisa kwamba na mimi nilikuwa mgonjwa. Namba yangu haikuwemo. Wawili tu ndio namba zao zilikuwemo, na mmoja wao alikuwa mwoka mikate, mama wa makamo mwenye unga mpaka kwenye viwiko.

Aliketi kwenye ngazi ya duka. "Miezi minne nameza," alisema. Hakulia. Alirudia tu, "Miezi minne."

Mfamasia alitoka nyuma ya kaunta, akachuchumaa mbele yake hapo hapo barabarani. "Nisikilize, mama. Hiyo hatari wanayosema ni ndogo, tena ni ya mtu aliyemeza miaka mingi. Presha yako ikipanda, hatari yake ni ya leo. Nakubadilishia sasa hivi, sawa? Usiruke hata siku moja."

Nikalitazama tangazo tena. Chini ya zile namba palikuwa na mstari wa herufi nene ambao nilikuwa sijaufikia kwa sababu kila macho yangu yalipokuwa yakipata namba ya mtu yalikuwa yanarudi juu. Mzee yule akaniuliza, "Na hapo chini pameandikwaje?" Nikamsomea kwa sauti, na wote kwenye mstari wakasikia: mgonjwa asiache kutumia dawa yake bila ushauri wa daktari.

Nilimfuata mfamasia mpaka kaunta. "Na asiyejua namba yake?" nikamuuliza. "Tuseme mtu amezikata, namba imepotea."

"Amezikata kwa nini?"

"Ni fundi."

Alinitazama kidogo, akaona asiulize zaidi. "Aje na vidonge vyake tumbadilishie vyote. Hata leo. Ila asikae bila dawa, mama. Huyo mwambie leo hii."

"Nitamwambia."

Akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki, nikameza kidonge changu pale pale mbele yake. Nilijisikia nafuu kabla hakijafika tumboni.

Nilifika nyumbani nikaketi kitandani na simu mkononi. Naomba nieleweke: sikusahau. Watu wakisimulia mambo haya husema walisahau, walitingwa. Mimi nilikumbuka kila saa. Lakini kumpigia kulikuwa na maana ya kusema, mdogo wangu, nilikuambia neno ambalo sikuwa nalijua, na maisha yetu yote, tangu viatu vile nilivyomfunga, sikuwahi kumwambia kitu kama hicho. Nikaona aibu. Aibu hiyo hiyo ndogo, ya kijinga, ambayo mtoto huiona akivunja sahani. Nikatafuta njia ya kusahihisha kosa bila kulitaja, na njia hiyo iko tayari kwenye kila simu: nikarusha picha ya tangazo kundini, bila neno hata moja.

Redio hakunichelewesha. "Dakta, si wewe ulisema tusimamishe? Mwili si una akiba yake?" Na vikaragosi vitatu vinacheka mpaka machozi.

"Nilisema tusubiri uthibitisho," nikaandika. "Someni vizuri." Nikajiona nimemweza. Ndugu wakaanza kujibu, mmoja baada ya mwingine, kwamba wamesoma na wanaendelea na dawa. Nilikuwa nawafuatilia kwa majina kama ninavyokagua rafu, na nilijua vizuri sana jina ambalo halitatokea.

Kesho nitampigia, nikasema. Alhamisi nilifua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Ijumaa alipiga yeye.

"Dada, bado unafuatilia?"

"Nimeweka tangazo kundini, wewe husomi?"

"Nisome saa ngapi, na nguo hizi za shule zimenijaa mpaka kwenye paja? Niambie wewe, limesemaje?"

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nakwenda kusema, naapa nilikuwa nakwenda kusema. "Sikiliza," nikaanza, "lile jambo la—"

"Ngoja, dada, kuna mteja kaja kupima. Nakupigia." Akakata.

Nikaona ahueni. Hilo ndilo ninalolirudia kichwani nikiwa peke yangu, kuliko hata yale maneno ya Jumatatu. Nilishusha simu nikaona ahueni, nikaenda kupika. Hakupiga tena, na mimi sikupiga. Jumamosi na Jumapili nilijipa moyo kwamba binti yake yupo pale pale kwenye cherehani ya pili, binti anasoma kundi, atakuwa amemwambia. Baadaye binti alinieleza kwamba alilisoma tangazo siku ile ile, na hakumwambia mama yake neno, kwa sababu alijua Mama Mkubwa ameshazungumza naye.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, simu yangu ikaita.

"Mama Mkubwa, njoo," binti alisema. "Mama kaangusha mkasi, na mkono hautaki kuuokota."

Niliwakuta mapokezi ya hospitali, hospitali yangu ile ile, karibu na dirisha langu ambalo sasa limezibwa kwa ubao kwa sababu mafaili yako kwenye kompyuta. Fundi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, futi ya kupimia bado iko shingoni. Upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Aliponiona akajaribu kusema "dada", ikatoka sauti tu. Binti alikuwa anamfuta mate kwa kipande cha kitambaa cha nguo za shule.

Daktari alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi. Alipima presha, akarudia kupima mkono mwingine, akaandika. "Alikuwa anatumia dawa?"

"Kila siku," binti akajibu. "Hakosi. Namwona kwa macho yangu akifungua kopo kila asubuhi."

Kumbe alikuwa analifungua. Kwa siku tisa alikuwa anafungua kopo lake, anatazama, halafu anafunga. Nilimwona kabisa akilini, amesimama pale mezani asubuhi, anangoja simu.

"Kama amezitumia vizuri na presha iko hivi," daktari alisema, akiwa bado anaandika, "basi dawa hii haimfai, itabidi tubadilishe na tuongeze—"

Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Fundi hakuweza kusema, na hata angeweza asingenisema. Binti hakuwa na habari. Nilikuwa na nafasi ya kutoka pale nikiwa bado Dakta. Lakini nimeshika mafaili, na najua nini hutokea kitu cha uongo kikishaandikwa kwenye faili. Daktari anayefuata anakijengea juu, na wa tatu pia.

"Hajameza kwa siku tisa," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia aache."

Binti aliacha kumfuta mama yake.

"Wewe ni mhudumu wa afya?" daktari akauliza.

"Nilikuwa karani wa mafaili."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alifuta alichoandika, akaandika upya, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Huyu ni wa nne tangu habari zile zitoke." Kisha wakamsukuma Fundi kuelekea wodini na kufunga mlango.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na binti, na nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Alipozungumza hakunitazama. "Kwa hiyo ulijua tangu lini kwamba anatakiwa kumeza?"

"Tangu Jumatano iliyopita."

Alihesabu moyoni. Niliona midomo yake ikihesabu. "Mama Mkubwa," alisema, akaishia hapo.

Vile vidonge vya kwenye kopo nilivipeleka mwenyewe kwa yule mfamasia. Alivigeuza na pembe zake za mviringo, akavisifu jinsi vilivyokatwa, akasema hakuna njia ya kujua vilikuwa vya toleo gani. Vingeweza kuwa na sumu, vingeweza kuwa safi kabisa. Akavitupa kwenye ndoo yake ya kuteketeza.

Siku ya tatu waliniruhusu kuingia saa ya kuona wagonjwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto, vidole vimekunjwa kidogo kama bado vimeshika kitambaa. Maneno yalikuwa yameanza kurudi, mazito, moja moja. Aliniuliza habari za nguo za shule. Nikamwambia binti anamalizia. Halafu nikasogeza kiti, nikapiga moyo konde, nikamwambia kila kitu. Nikamwambia kwamba nilisoma kwenye simu kama mtu mwingine yeyote, tena nikiwa na hofu, kwamba ile habari ya mwili kuwa na akiba niliitunga, kwamba Jumatano nilijua ukweli na Ijumaa alipokata simu nilifurahi. Nikamwambia sikuwahi kuwa daktari hata wa kuku. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kutupa nafasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Jicho lake la kushoto, ambalo lilikuwa linafumba vizuri, lilifumba na kufumbua. Sikujua ameelewa kiasi gani. Akainua mkono wake mzima akanigusa kifundo cha mkono, akauacha pale.

Muuguzi akaja na kigari cha dawa, akasoma jina kitandani, akasoma kwenye karatasi yake, akatoa kidonge kwenye kikombe kidogo. Safari hii kilikuwa cha njano. Akamwinua kichwa, akamsogezea kikombe mdomoni. "Haya mama, dawa yako."

Fundi akafunga mdomo.

"Ni ya presha, mama. Meza taratibu."

Hakufungua. Muuguzi alisubiri, akajaribu tena, akaniangalia mimi akidhani labda hawezi kumeza. Lakini alikuwa anaweza. Nilikuwa nimetoka kumnywesha chai. Aligeuza kichwa polepole kwenye mto, upande ule mmoja unaomtii, akanitazama usoni na akabaki hivyo, ananingoja.

"Muulize muuguzi," nikamwambia. "Yeye ndiye anayejua. Mimi sijui, mdogo wangu. Nimekwambia sasa hivi, sijui."

Aliendelea kuningoja. Muuguzi alikuwa na wagonjwa kumi na moja mbele yake na kigari chake kimeziba njia.

"Meza," nikasema.

Akafungua mdomo, akameza.